Mlango wa Profesa Ulioegeshwa

Huyu ni Mama Funguo, binti wa mpiga pasi aliyenyoosha mashati ya mahakimu watatu, mjukuu wa mkunga ambaye mtaa mzima ulipitia mikononi mwake, na mdogo wangu wa tumbo moja. Miaka ishirini na sita anasafisha ofisi za walimu wa chuo. Mimi niliishia darasa la saba, yeye la tano, lakini wasomi wengi wamepata njia kwa kumuuliza yeye.

Mwanafunzi akija korido na wasiwasi wa masomo, humwambia: "Mlango wa profesa ukiwa wazi kabisa, anamsubiri mgeni wake. Ukiwa umeegeshwa, bisha uingie. Huyo anataka kuulizwa."

Lakini mganga hajigangi. Binti yake wa mwisho alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, na kila akiona jeraha linavuja damu, anaanguka yeye kabla ya mgonjwa. Ijumaa ilikuwa mwisho wa kubadili kozi. Mtoto aliogopa kwamba akisema ukweli atafukuzwa. Mama naye akapata kigugumizi.

"Dada, nitaanzia wapi? Profesa anayetia sahihi fomu za kubadili kozi ananijua kwa salamu na ndoo tu."

"Basi nenda na ndoo," nikamwambia.

Akaenda nayo kweli. Alhamisi asubuhi mlango ulikuwa umeegeshwa. Binti mkono huu, ndoo mkono ule, wakaingia. Profesa, macho kwenye karatasi zake, akainua miguu apigiwe deki.

"Leo sipigi deki, mwalimu. Nimeleta mtoto."

Mzee wa watu akashusha miguu, akavua miwani, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza binti, "Damu ikiwa ndani ya kichupa, unaanguka?"

"Hapana, mwalimu. Hiyo naiangalia kwenye hadubini hata saa nzima."

"Basi wewe si wa wodini, ni wa maabara. Na alama zako za kemia zinatosha." Akavuta fomu, akatia sahihi. "Mama, mbona hukuwahi kuniambia una binti hapa?"

"Hukuuliza, mwalimu. Ulikuwa unainua miguu tu."

Mdogo wangu alifika kwangu kama mtu aliyetuliwa gunia. Akalala kitini mchana kweupe, viatu miguuni. Alipoamka akamwita binti yake.

"Mwakani nastaafu. Wageni wa mwaka wa kwanza watakuja wanatetemeka kama wewe. Utasimama pale korido uwaonyeshe mlango. Na anayeogopa kuingia, mpe ndoo."