Sauti ya Shangazi

Kwao kila mtu alimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Alianza kama mwigizaji, baadaye akapewa kipindi chake cha televisheni, na humo aliwaiga wakubwa wa serikali mpaka watu wakashika mbavu. Siku alipomwiga rais mwenyewe, mhariri wake alikamatwa. Shangazi na mumewe wakavuka mpaka na nguo walizovaa.

Ugenini alipata kazi kwenye duka la dobi. Alipiga pasi na kutundika makoti, na mbele ya wateja alijifanya bubu. Uso aliuficha kwa kilemba na miwani, lakini sauti ile ingemuumbua kwa neno moja.

Asubuhi moja mwanamume mmoja aliweka shati juu ya kaunta, akasema kwa lugha ya kwao, "Lina doa la wino, dada."

Neno likamponyoka. "Litatoka."

Yule mtu akamkazia macho, kisha akatoka bila kuchukua risiti. Kupitia kioo Shangazi alimwona ng'ambo ya barabara, simu sikioni, akilitazama duka. Akajibanza nyuma, kati ya makoti ya watu.

"Mwanangu, mbona umejificha?" mwenye duka, mama wa makamo, akamuuliza.

"Nifungulie mlango wa nyuma, mama. Tafadhali."

Alipotokeza uchochoroni, yule mtu keshafika. Akageuka akimbie.

"Usikimbie," mwanamume alisema, akitupa jicho nyuma yake. "Nimetumwa nihakikishe kama ni wewe. Nimewaambia si wewe. Mama yangu alikupenda sana. Lakini watamtuma mwingine. Hameni."

Hakumwamini hata kidogo. Alikimbia mpaka nyumbani, akamkuta mumewe akimenya viazi.

"Acha hivyo. Tunahama."

"Tunakwenda wapi?"

"Sijui. Vaa viatu!"

Huko mji wa pili hakutoka nje kabisa. Mtu akipanda ngazi, alizima taa. Kengele ya mlango ikilia, alijibanza nyuma ya kabati, kumbe ni jirani anaomba chumvi. Ikafika siku akamwambia mumewe, "Nilinyamaza, na bado wakanipata. Sasa nanyamaza kwa faida ya nani?"

"Mke wangu, usifanyie mzaha roho zetu."

"Mzaha uko wapi? Naogopa kuliko wewe."

Mchana ule alitundika blanketi dirishani, akakaa jikoni, akawasha simu ajirekodi kwa ajili ya redio ya mtandaoni ya wakimbizi wenzake. Mwanzoni sauti ilikataa kutoka. Akanywa maji, akajaribu tena, na rais akatokea mzima mzima, na kikohozi chake cha kujidai.

Mumewe, aliyekuwa ameegemea mlango ili usifunguke, akaangua kicheko. Mara akajiziba mdomo. Wakatazamana, wakitega masikio kwenye ngazi.