Seva Iliyopelekwa Masasi

Naikumbuka siku ile, mwanangu, seva, ile kompyuta kuu ya mtandao wetu, ilipopita mbele ya duka langu la intaneti hapa Newala, imefungwa blanketi, inapelekwa Masasi kwa Mama Salma, mwenzetu aliyechaguliwa kuitunza. Wivu ulinijaa. Mimi ndiye niliyezunguka mashuleni na maparokiani kuwabembeleza watu watuazime kompyuta zao. Yeye alikuwa na nini zaidi ya duka zuri na tabasamu?

Ilikuwa miaka ya soko huria, kila mwenye mtaji kidogo kafungua duka. Tulikuwa na mtandao wetu wa kujitolea. Kompyuta ikikosa mteja, inachukua kipande cha hesabu kutoka kwenye seva, inakikokotoa, inarudisha jibu. Hesabu zenyewe zilikuwa za watafiti wa korosho: ugonjwa wa ubwiriunga, ule unaokausha maua ya mikorosho, utaingia lini, ili mkulima ajue wakati wa kupulizia salfa. Zilitakiwa ziishe kabla mikorosho haijachanua.

Basi umeme ukawa unakatika kila mara. Ukirudi, kompyuta zote zinaamka pamoja na kuibishia hodi seva pamoja. Ikizikataa, zinabisha tena palepale. Seva inazidiwa, inazima. Mama Salma akaiongezea nguvu, ikazima. Akaongeza tena, ikazima vilevile. Nami nikawa napata usingizi mtamu, sikufichi.

Dawa niliijua. Mtu wa Newala, aliyekulia kwenye shida ya maji, angekosaje kuijua? Bombani hatusukumani. Unapanga ndoo yako kwenye foleni, unakwenda zako kumenya mihogo, unarudi zamu yako ikikaribia. Kompyuta nazo zingefundishwa hivyohivyo: inayokataliwa ipewe zamu, ikae kimya, irudi kwa wakati wake, kila moja na wake. Mama Salma hakukulia kwenye foleni ile. Nikanyamaza.

Ndipo mama mkubwa, dada yake marehemu mama, akaingia dukani akitokea Mkunya kwenye mikorosho yake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza, salfa nipulizie lini? Maua yameanza kuchungulia."

Nikamweleza kuwa hesabu zimekwama Masasi kwa Mama Salma, na kwamba wangenipa mimi seva zisingekwama. Nikamweleza na dawa yake, mambo ya ndoo na zamu. Nilieleza kwa raha zote.

Akaniangalia. "Kumbe unajua! Hebu niambie, Mama Neema, bombani mtu akikosea foleni si tunamwambia? Hata yule tusiyesalimiana naye tunamwambia. Sasa wewe unamnyima Mama Salma nini hapo? Mikorosho ni yangu mimi!"

Nilipiga simu Masasi huku nimenuna. Mama Salma alisikiliza, akashukuru, akafanya. Umeme uliporudi tena, seva haikuzima. Hesabu ziliisha, na mama mkubwa akapulizia salfa yake kwa wakati. Tulipokutana wanamtandao wote, Mama Salma alivishwa kitenge na kupigiwa vigelegele. Alinitaja, ndiyo, lakini vigelegele vilikuwa vimeshapoa. Nilipiga makofi, ila kile kitenge nilikitazama mpaka mkutano ukaisha.

Usidhani wivu uliniisha, mwanangu. Mpaka leo nikimwona Mama Salma amependeza, unanijia. Ninachokuusia ni hiki: ukijua jambo la kuwafaa watu, liseme, hata kama atakayesifiwa ni yule usiyempenda. Usingoje moyo utakate kwanza, maana huenda usitakate, na mikorosho inaendelea kuchanua. Wivu ukikubishia hodi, upangie ndoo kwenye foleni, wewe nenda kafanye kazi.

Mungu akupe kazi, akupe na wenzako wanaokuzidi, na siku ile atakayokuona umenuna, akupe nguvu ya kuwapigia simu.