Mwiko wa Pili wa Mjomba Mofazzal

Mjomba Mofazzal, fundi cherehani wetu hapa Barisal, hujihesabu hajala mpaka ale wali, hata kama ametoka kumaliza chapati sita. Magoti yalipoanza kugoma, daktari alimwambia apunguze kilo tano, la sivyo aachane na cherehani ya kukanyaga.

"Wali kula, lakini mwiko mmoja."

Mkewe, Bi Hosne Ara, alikuja juu. Kwetu mtu hapakuliwi mara moja tu, ni nuksi.

"Mwiko mmoja? Unataka nikuzike kabla ya hayo magoti kukumaliza?"

Kesho yake alikwenda kwa seremala, akarudi na mwiko mpya.

"Mama Shirin, huu mwiko au kijiti cha meno?" Mjomba alimuuliza mkewe.

"Haya, mara ya kwanza," Bi Hosne Ara alisema akimpakulia. "Na hii ya pili. Nuksi imeondoka, kula!"

Mjomba alinuna wiki nzima, huku akilamba vidole.

Baada ya miezi mitatu daktari alimuuliza anakula miiko mingapi.

"Miwili," Mjomba alikiri, kichwa chini.

Daktari alitazama mizani tena. Kilo sita zilikuwa zimeondoka.

"Basi usibadilishe kitu," alisema, na jioni ile cherehani ilisikika mpaka msikitini.