Mbabula za Kuuzisha

Mama alimpa baba hadi Jumapili. Baba alikuwa amebuni jiko la makaa, mbabula kama tunavyoliita Lubumbashi, lenye bati mara mbili na udongo wa kichuguu ulioshindiliwa katikati ili moto usipotee ovyo. Makaa ya kuchemshia chai tu yaliivisha maharage. Majirani walikuja, wakasifu, wakaota moto, wakaenda zao. Mbabula kumi na moja zikajaa uani, kwenye lupango letu, mama akakosa pa kuanika mihogo.

“Baba ya batoto,” alisema, “kama hakuna muntu anauza mbaka dimanche, hizi mbabula zinatoka mu lupango yangu. Na weye unaachana na hii mambo.”

Baba, fundi wa reli aliyestaafu, aliendelea kukunja bati. Nilimhurumia mno. Tangu aache kazi alikuwa kama mgeni nyumbani, lakini kwenye mbabula zake alipiga mluzi kutwa nzima.

Jumamosi dereva wa lori kutoka Tanzania akasimama langoni.

“Shikamoo, mzee. Unauza?”

“Apana,” baba akajibu. “Mi siuzake.”

Dereva akaomba radhi, akaondoka.

Nilikuwa naosha vyombo, nusura nivunje sahani. Kwetu, anayeuza ndiye mnunuzi. Mwenye mali anauzisha. Mimi niliyesoma Dodoma miaka miwili nilielewa papo hapo: baba alidhani anaulizwa kama ananunua mbabula zake mwenyewe! Nilitimua mbio na povu mikononi, nikamkuta dereva kwenye kona. Nilipomweleza, alicheka mpaka akaketi chini. Akarudi na wenzake wawili, watu wa kujipikia kando ya malori safari nzima, wakabeba nne.

Habari zikasambaa kwa madereva. Kufikia Jumapili asubuhi zilibaki mbili, na baba alishageuka Mtanzania. Kila aliyepita alipigiwa kelele: “Nauza! Nauza!”

“Papa, unauza nini?” majirani wakashangaa. “Siye hatuna kitu ya kuuzisha.”

Baada ya misa, mama aliizunguka moja ya zile mbili, akaigonga kwa kidole, akasafisha koo.

“Mi nauza hii.”

Baba akamkazia macho. “Kumbe na weye uko fundi? Ulitengeneza hii saa gani?”

Mama akamrushia kitambaa chake cha kichwa, na baba akaibeba mbabula mpaka jikoni, akipiga mluzi.