Ufa wa Kiyovu

Mwaka wa tisini na moja nilikuwa Kigali, mgeni kutoka Bukoba, mpiga picha katika ofisi ya mhandisi. Si picha za harusi. Nilipiga vitu vidogo kwa karibu mno ili vipimwe: meno ya gia iliyolika, waya uliokatika, nyufa za kuta. Nilipanga chumba mtaa wa Kabeza, na kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumatatu asubuhi hakuna aliyeniita kwa jina. Sina tabia ya kulalamika, lakini upweke ule ulinitafuna.

Ndiyo maana niliupenda ufa wa Kiyovu. Ulikuwa kwenye ukuta wa sebule ya mama mmoja mjane, aliyekulia Bujumbura, katika nyumba ya zamani ya mtaa huo wa mlimani, yenye sakafu ya mbao. Wanawe, waliobaki huko Bujumbura, walikuwa wameshakata shauri: ufa ukipanuka, nyumba inauzwa na mama anahamia kwao. Mwenyewe hakutaka hata kuisikia habari hiyo. Basi ofisi ikawa inanituma kila Ijumaa niupime.

Nilibandika kipande cha rula ya chuma kando ya ufa, nikaisogeza lenzi hadi karibu iguse ukuta. Kwa ukaribu huo, hatua moja tu kwenye mbao zile inatosha kutikisa kamera na kuharibu picha. Kwa hiyo nilimwambia, "Mama, naomba usitembee kidogo," naye akaketi, akakunja mikono, akatulia. Mimi nimebana pumzi, yeye kimya, mpaka kamera ilie. Wiki nzima sikuwa na raha nyingine kama ile. Kisha ilikuja chai, na maswali: nakula nini, mbona nimekonda, nitaoa lini.

Jumatatu nilisafisha filamu, nikaikuza picha hadi ufa uliokuwa mwembamba kama uzi ukawa mpana kama kidole, nikaulinganisha na mistari ya rula. Ukipanuka, mama anaondoka. Ukitulia, kazi imekwisha na sina tena cha kunipeleka kwake. Nilitamani picha itoke na ukungu, nirudi kuipiga upya, lakini mkono wangu ulishazoea kazi.

Mvua za masika zikaja, zikaisha, na picha zote zikalingana. Bosi akafunga kazi. Nikaenda kumwambia mama mwenyewe.

"Iko imesimama kweli?" akauliza.

"Kweli, Mama. Nyumba ni nzima. Huendi popote."

Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mungu akubariki, mwanangu. Sasa ukuwe unakuja tu, hata bila mashini."

Nikamwambia nitakuja, na sikuwa nadanganya. Ijumaa iliyofuata nikavaa shati safi, nikapanda hadi Kiyovu mikono mitupu. Mlinzi, ambaye tulishazoeana, akafungua geti kabla sijabisha.

"Leo unapima nini?" akaniuliza.

"Leo sipimi kitu."

Akangoja niseme nimekuja kufanya nini. Jibu lilikuwa rahisi: nimekuja kumsalimia mama. Hata mtoto mdogo angeweza kulisema. Lakini niliona aibu, kana kwamba nimekuja kuomba.

"Nilikuwa napita tu," nikasema, nikageuka.

Nilipofika kwenye kona nikatazama nyuma. Mlinzi alikuwa bado amesimama pale, geti amelishikilia wazi.