Betri Mbili za Mzee Wilbert

Mzee Wilbert wa Mbagala alipostaafu ukarani hakufanya ujinga wa kawaida wa wastaafu. Hakufuga kuku wa mayai wakamfia, wala hakununua bajaji akamkabidhi mpwa wake ailaze gereji. Yeye alitafuta ujinga wa peke yake: alinunua boti ya matanga. Mzungu mmoja aliyechoka kuzunguka dunia alikuwa ameitelekeza Kunduchi, imepauka, lakini ndani ina vitanda, jiko, choo na friji ndogo ya kufungulia juu. Mtaani wakaanza kumwita Kapteni. Walikuwa wanamcheka, ila mtu akishaitwa Kapteni masikio huwa yanaziba.

Shida ikawa friji. Binti yao Adelina, anayemfuata kaka yake Stanley, mwalimu kule Mafia, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mama yake, Bi Demetria, alikuwa halali kwa hamu ya kumshika mjukuu. Sasa Demetria ana sukari. Anajichoma insulini, na dawa ile ikipigwa joto ni ya kutupa. Akipanda boti ya abiria kule Nyamisati, anaitia dawa kwenye chupa ya chai yenye barafu na anafika ikiwa bado baridi. Kwa matanga ya Kapteni safari inalala njiani, kwa hiyo friji lazima ikeshe. Na betri iliyokuwemo ilikuwa inakata roho jua likizama tu.

"Friji ikikesha, nakwenda na wewe," Demetria alimwambia. "Isipokesha, mie na Nyamisati."

"Mke wa mwenye chombo apande chombo cha watu? Watanionaje?"

"Hawatakuona. Utakuwa umebaki huku."

Ndiyo mzee akanunua betri mbili, tena N200, zile za malori, maana mwanamume wa Mbagala akiambiwa umeme hautoshi hafikirii udogo. Akamchukua Mwishehe, fundi rewaya wa Buguruni, ambaye maisha yake yote alikuwa akifunga betri kwenye malori. Kwenye lori hakunaga mjadala: unapiga mkanda wa chuma pembeni ya chasisi, unakaza nati, unakwenda kula. Mwishehe aliingia ndani ya boti akiwa ameinama kama anaingia banda la bata, akatazama huku na huku, akauliza, "Mzee, chasisi iko wapi?"

Hapakuwa na chasisi. Palikuwa na makasha. Kwenye boti ile kila kiti kina mfuniko na kila kitanda kina uvungu wenye mlango. Mzungu aliyaacha matupu, sijui alilelewa wapi. Familia ya kwetu ikiona uvungu mtupu inapata homa. Siku ya kwanza tu Demetria alipofunua mifuniko ile alipiga kigelegele, na kabla wiki haijaisha vikawa vimehamia humo masufuria, mabeseni, mkeka, unga wa uji wa mzazi, khanga za mzazi na blenda ambayo haikuwahi kusaga kitu.

"Betri zikae chini, na zikae katikati," Mwishehe alisema. "Zikikaa mbele, boti itainama kama ng'ombe anakunywa maji."

Akafunua kiti cha katikati, karibu na mlingoti. Mahali pazuri: pakavu, pana kina, na waya ungefika bila kuungwaungwa. Humo ndani yalikuwa yamepangwa makreti mawili ya chupa tupu za bia.

"Hapo hapana," alisema Mzee Wilbert haraka.

"Mzee, si chupa tupu?"

"Ndiyo maana. Tunakwenda kumpongeza mtoto. Mafia nikifika bila chupa, nani ataniuzia kreti? Utaona wanavyokuuliza, chupa ziko wapi. Funika hapo."

Fundi akafunika. Wakajaribu nyuma, wakakuta panavuja. Wakajaribu chooni, mlango ukagoma kufunga, na Demetria akauliza kama abiria watajisitiri kwa kuimba. Mwishowe akapiga magoti mwenyewe mbele ya kitanda, akatoa masufuria, akatoa mabeseni, akatoa hata blenda, akavirundika nje. Mzee na fundi wakainua betri ya kwanza wakigombana, "Vuta!" "Navuta wapi, mzee, umenikanyaga!", wakaitumbukiza. Uvungu ulikuwa mfupi. Kichwa cha betri kilisimama juu ya kitanda, na godoro likakaa juu yake kama kofia.

Mzee Wilbert alijifuta jasho. Alitazama kitanda, akatazama kiti cha katikati, akarudi kwenye kitanda.

"Mama Stanley," alisema, "hivi wewe ukilala umejikunja upande huu?"

Demetria alimtazama. Halafu akamtazama Mwishehe, ambaye ghafla alipata kazi ya kuchunguza spana.

"Nimetoa vyombo vyangu vyote, Baba Stanley. Nimetoa mpaka unga wa mzazi. Na wewe umetoa nini?"

"Chupa ni za sherehe ya mjukuu wako!"

"Mjukuu ana wiki mbili. Hanywi bia."

Akachukua mkoba, akachukua chupa yake ya chai, akapanda ngazi. Alipofika juu alirudi kidogo, mzee akafurahi. Kumbe alikuwa anafuata unga wa mzazi. Akashuka gatini, akaita bajaji akaondoka.

Mzee Wilbert alitukana. Alitukana uvungu, akamtukana Mzungu aliyeunda boti kwa vipimo vya sanduku la viatu, akamtukana na aliyevumbua insulini. Kisha akafunua kiti cha katikati kwa hasira, akayatoa makreti yale mwenyewe, chupa zikipiga kelele ngazi nzima. Betri zikaingia zote mbili kama zimezaliwa humo. Mwishehe akakaza nati, akaunga waya, na friji ikaanza kunguruma.

Mzee alipiga simu.

"Mama Stanley! Friji inapoza! Rudi!"

Kelele za stendi ya magari ya Nyamisati zilijaa kwenye simu. "Nimeshapata siti. Betri mmeziweka wapi?"

Mzee akakitazama kiti cha katikati.

"Baba Stanley?"

"Zimekaa tu. Zimekaa vizuri."

"Kwa hiyo nafasi ilikuwepo."

"Sikiliza..."

"Mie nakwenda. Nikifika nitakutumia picha ya mtoto."

Simu ikakatwa. Mwishehe alikuwa anakusanya spana zake polepole, macho chini.

"Mzee, friji niizime?"

Mzee Wilbert alifunua friji, akatia mkono ndani, akauacha humo kwa muda. Palikuwa baridi kweli.

"Iache," alisema. "Tuone kama itakesha."