Ordinateur ya zamani njo inajua Furaha alipita

Admin, jina langu uliweke mbali, na la shule pia, juu Bukavu ni mudogo na bantu ba hapa banatambua hata kikohozi cha mwenzao. Niko mwanamuke wa miaka 36, niko na bwana na batoto batatu, tunaishi Nguba. Ninafanya kazi ku secrétariat ya shule moja ya secondaire. Préfet, mukubwa wa ile shule, ni tonton ya bwana yangu, ndugu ya baba yake, yeye njo aliniingiza kazi. Mukamate hiyo vizuri mbele ya kunitukana.

Miaka kumi na moja imepita, mimi njo nilitengeneza page ya ku ordinateur, kompyuta ya shule, yenye inahesabu pointi za banafunzi na kutoa bulletin, karatasi ya matokeo. Nilikuwa nimetoka masomo, kichwa kubwa, najiona fundi. Mwalimu wangu alikuwaka ananiambia: « Navigateur, ile programu ya kufungua page, kila moja iko na tabia yake. Ile ya zamani inahurumia makosa yako. Usiandikie ile yenye kukuhurumia, andika vile sheria ya bote inasema. » Nikamucheka. Page yangu ilikuwa inatembea, sheria ya nini? Kama mutoto alikosa mtihani moja juu ya ugonjwa, mimi sikuandika kitu pale, na ile navigateur ya zamani ilikuwaka inaacha nafasi wazi yenyewe, inahesabu bila lile somo.

Kiisha tonton akaleta ordinateur mupya. Sasa ni miaka mbili imepita, mwisho wa mwaka wa shule, akasema bulletin zote zitoke kwa ile mupya, bazazi baone shule imeendelea. Nikafungua, nikatazama classe ya kwanza, nikaona kila kitu sawa. Nikazitoa zote. Tonton akasigner, akapiga cachet, muhuri ya shule. Sikujua kama navigateur mupya inafuata sheria, haina huruma. Pale kulikosa pointi, ilivuta za somo lenye kufuata ikajaza, na zote zikasogea, kila moja ikahesabiwa na uzito wa somo lingine. Somo la mwisho likabaki bure, likahesabiwa zéro.

Furaha (siyo jina lake) alikuwa mwaka wa tano. Alikosa mtihani wa géographie, malaria ilimulaza. Ni binti ya jirani yangu, mama yake anauzishaka samaki za sambaza ku soko ya Nyawera, tunasalia kanisa moja. Bulletin yake ikasema 43 kwa mia. Échec, ameanguka. Baba yake, mwenye hakupendaka binti asome, akasema: « Munaona? Shule haiko ya huyu. » Akamutoa. Furaha akakuja kulia kwangu jikoni: « Maman, nilifanya vizuri, naapa mbele ya Mungu. » Na mimi, mujinga mimi, nikamujibu: « Mutoto wangu, ukubali tu. Pointi hazisemaka uongo. »

Mwezi uliopita akakuja ku bureau kuomba copie ya bulletin, anatafuta nafasi ya kujifunza kushona. Ordinateur mupya ilikuwa imefungiwa kwa tonton, nikawasha ile ya zamani, yenye ilibakia na page na pointi zile zile. 61. Nikafunga, nikafungua tena. 61! Furaha alikuwa amekaa ku banc inje ya mulango, namusikia anaimba polepole. Nikamwambia: « Rudia kesho, mutoto wangu, courant ya umeme iko mubaya leo. »

Nikaenda mbio kwa tonton. Akasikiliza, akavua lunettes za macho.

« Bengine ni bangapi? »

« Niliangalia bote benye balikosa mtihani. Bengine balipita tu. Ni yeye peke yake. »

« Basi ni mutu moja. »

« Tonton, uniachilie niandike page vile sheria inasema, kiisha tumuite baba yake. »

« Ukiiandika mupya, itatoa pointi zenye hazifanane na karatasi zenye mimi nilisigner. Inspecteur ataita nani mwizi wa pointi? Mimi! Wewe ni bibi ya mutoto wa ndugu yangu. Ile ordinateur ya zamani ikikufa, na haya maneno yanakufa nayo. Usiiguse. »

Nyumbani, bwana yangu akaongeza yake: « Unataka kutugombanisha na famille? » Kesho yake Furaha akarudia, na Mungu anisamehe, nilimutolea ile ya 43. Nilikuwa najua. Akaipokea na mikono mbili, akasema aksanti maman.

Tangu ile siku sina raha. Kuacha kazi, tonton anakatala, anasema hakuna mwingine mwenye kuelewa ile page. Ni kweli, juu niliiandika mubaya mpaka mimi mwenyewe imenifunga ndani. Kila asubui napanguza ile ordinateur vumbi, siku hizi inawaka mara ya tatu ao ya ine. Nilipiga écran, kioo yake yenye ile 61, picha na simu, nikafuta, nikapiga tena. Bakubwa banasemaka mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamutangaza, na mimi kilio nakisikia ku mulango.

Juu baba ya Furaha amemupatia bwana, mutu wa Nyangezi. Furaha iko na miaka makumi mbili sasa. Nilimuuliza kama anamupenda. Akainua mabega: « Maman, mwenye hakusoma atachagua nini? » Kiisha akaniomba niwe marraine wake, musimamizi wake wa ndoa. Nikamuuliza juu ya nini mimi, na bamama bako bengi. Akacheka kidogo.

« Wewe njo ulinifundisha kukubali. »

Ndoa ni jumamosi yenye kuja. Bamama, bapapa, munitukane kama munataka, lakini munijibu mbele ya ile siku: nisimame pembeni yake kanisani, ao nimukalishe mbele ya ile ordinateur wakati ingali inawaka?